Mwanamke Aliyeshuka Kutoka Mnarani

Jumatatu yule mwanamke alikuwa chini ya mnara. Alhamisi alikuwa amefika kisimani.

Nusaiba aliweka ndoo chini, akamtazama vizuri. Picha ile ilikuwa ya vigae, imejengewa ukutani mwa ukumbi wa kuingilia, katika ghorofa kuukuu walimopanga yeye na shangazi yake, karibu na bustani ya Joubert Park, huku kusini mwa Afrika. Watu walisema fundi Mtaliano aliyeijenga nyumba aliuweka pale mji wa kwao wa kale, Siena, ili asiusahau. Juu, kwa mbali, mnara mrefu mwekundu. Kisha uwanja wenye kisima. Kisha kanisa lenye mistari myeupe na myeusi. Na chini kabisa, lango la mji, kubwa kama mlango wa kweli, kizingiti chake kikigusa sakafu. Kutoka mnarani hadi langoni ilikuwa barabara fupi ya mawe, ambayo mtu angeimaliza kabla chai yake haijapoa.

Siku zote mwanamke alikuwa mdogo kama kidole, mwenye nguo nyeusi na mikono mitupu. Sasa alikuwa sawa na kiganja. Na mikononi alibeba kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa.

"Mama Tania," Nusaiba alimwita Pascasie, jirani Mrundi aliyekuwa akifagia ngazi. "Huyu mwanamke si alikuwa pale juu?"

"Weye nawe! Miaka sita nafagia hapa, hajawahi hata kunisalimu. Eish, toa ndoo yako, unanichafulia."

Nusaiba aliitoa. Lakini alijua siku ambayo mambo yalianza, na alijua kwa nini.

Aliletwa kutoka Tanga akiwa kidato cha pili, kwa ahadi kwamba angeendelea kusoma huku. Vibali vikakosekana, shule ikaishia hapo. Shangazi yake Tumu alipojifungua, kazi ikawa yake: kumkanda mzazi kwa maji ya moto kila asubuhi, kama wanavyokandwa wazazi kwao, mpaka arobaini. Bomba la kutolea maji machafu kule juu liliziba, kwa hiyo maji yaliyobaki aliyashusha hadi kwenye karo la chini, pale pale chini ya lango la Siena.

Na Tanga hakuna mtoto asiyejua: maji ya moto hayamwagwi kimya. Unasema bismillahi, unasema "pisheni", unangoja kidogo, ndipo unamwaga. Wale tusiowaona nao wana watoto.

Jumatatu ile Nusaiba hakusema. Alikuwa ametoka kuona kwenye simu picha za wenzake wa darasani, wamevaa sare, wanakumbatiana kwa kumaliza kidato cha nne. Moyo ulimjaa, akayamwaga yale maji kwa hasira, yote kwa mara moja. Karoni kikatoka kilio kimoja chembamba, kisha harufu ya nywele zilizoungua. Alijiambia ni panya.

Ijumaa mwanamke alikuwa mbele ya kanisa, urefu wa mkono mzima. Asubuhi hiyo hiyo Bushra, mtoto wa shangazi, aliamka akipiga kelele. Mgongo wake mdogo ulikuwa umejaa malengelenge.

"Umemmwagia mwanangu maji!" Tumu alisema. Hakupaza sauti, na hiyo ilitisha zaidi.

"Wallahi, shangazi, sijamgusa."

"Malengelenge yamejiotea? Eh? Hukusoma, sasa unanilipizia kwa mtoto?"

"Shangazi..."

"Usiniite shangazi. Jumapili mume wangu Jumbe akirudi na lori lake, unapanda basi. Nakurudisha kwa baba yako, nimwambie mwenyewe ulichomfanya mpwa wake."

Nusaiba hakumgusa mtoto, hilo lilikuwa kweli, akaling'ang'ania kwa sababu la pili, la maji yale ya Jumatatu, hakuthubutu kulisema. Dawa ya kupaka haikusaidia. Kila malengelenge yaliponywea, mengine yaliota.

Jumamosi adhuhuri umeme ulikatika, maji ya juu yakakata, naye akatumwa kuchota maji chini. Ukumbi ulikuwa kiza japokuwa jua la nje lilikuwa kali, na harufu ya nywele zilizoungua ilimpokea tangu ngazi ya mwisho, nzito, ikishika kooni, naye akasema moyoni asiangalie ukuta, achote tu aondoke, lakini bomba la kuchotea lilikuwa kando ya lango, na alipoinama kuweka ndoo aliona pindo la nguo nyeusi sawa na macho yake, kisha mikono, kisha kitambaa kilichokuwa kahawia kama shuka lililounguzwa na pasi, kisha uso wa vigae uliopasuka pasuka, uso wa mtu mzima wa urefu wake hasa, umesimama kizingitini, na vigae vya kifuani vikipanda na kushuka taratibu.

"Wa kwenu," sauti ilinong'ona, "ana siku ngapi?"

Nusaiba aliiacha ndoo. Hakusimama mpaka kwa Maalim Mansour, mzee wa Unguja aliyeuza kofia na manukato karibu na stendi ya teksi, na huko ndiko alikosema yote, kuanzia zile picha za simuni hadi kile kilio.

"Ungesema siku ile ile," Maalim alisema, akifungasha ubani, "yangeisha kwa chupa ya maji ya mawaridi. Twende."

Walimkuta Tumu amekaa kitandani, amempakata Bushra. Maalim alifukiza, akaanza kusoma. Mabega ya Tumu yakashuka. Aliinua uso, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Sikuwatafuta. Nilikuwa mnarani kwangu. Mwanangu alikuwa anaoga pale chini. Alikuwa na siku mbili. Hamkusema hata neno moja."

"Tunaomba radhi," Maalim alisema.

"Nimekuja kwa miguu yangu kuchukua wenu." Vidole vya Tumu vikakaza kwenye mgongo wa Bushra, juu ya malengelenge. Mtoto alifungua kinywa, kilio kisitoke.

Nusaiba alipiga magoti. "Ni mimi, mama. Huyu hajakukosea. Nilikuwa na hasira na mambo yangu, nikakumwagia wewe. Nichukue mimi."

Macho yale yalimpima. "Wewe nikufanyie nini?"

"Amuuguze," Maalim akadakia. "Mpe mwanao arobaini yake. Binti huyu atampelekea maji baridi ya mawaridi kila asubuhi, siku arobaini. Wetu umwache."

"Na zikitimia, mtamfanyia kama mnavyowafanyia wenu?"

"Kama wetu," Maalim alijibu upesi, kwa kuwa midomo ya Bushra ilikuwa inabadilika rangi.

Vidole vililegea. Bushra alilia, kilio kizuri cha njaa, na Tumu akauliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini chumba kimejaa moshi.

Hakuna aliyetaja basi tena. Jumanne Bushra alitimiza arobaini, mgongo wake laini. Nusaiba alipewa heshima ya kumtoa: alimshusha hadi nje, akamwonyesha jua, kisha akamrudisha na kumzungusha nyumbani kama desturi. "Hapa jikoni. Hapa kitandani. Hapa ndipo kwenu."

Na kila asubuhi alishuka na maji ya mawaridi, akasema bismillahi, akangoja, akayamimina polepole. Mwanamke alirudi nyuma. Kanisani. Kisimani. Akazidi kupungua.

Siku ya arobaini alikuwa chini ya mnara, mdogo kama kidole, mikono mitupu kama zamani. Nusaiba alishusha pumzi. Akatabasamu.

Halafu akajiuliza yule mtoto yuko wapi.

Sakafuni, kutoka karoni, kulikuwa na nyayo za maji, ndogo, urefu wa kidole gumba. Zilikwenda hadi mlango wa nje, zikasimama kwenye jua. Kisha ziligeuka, zikarudi, zikashika ngazi, njia ile ile aliyopitishwa Bushra siku ya arobaini yake.

Alipanda akizifuata, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikinuka mawaridi na nywele zilizoungua, na mlango wao ulikuwa wazi, na nyayo zilikuwa zimezunguka kitanda, ambako Bushra alimchekea mtu asiyeonekana, kisha zikaelekea jikoni.

Shangazi Tumu alikuwa amesimama na sufuria ya maji yanayotokota, ameiinamisha juu ya beseni. Alikuwa akizungumza na Jumbe kwenye simu, ameibana kwa bega, anacheka.

Nyayo ziliishia kwenye beseni.

"Shangazi," Nusaiba alinong'ona. "Usimwage. Ngoja kwanza."