Miguu Isiyofika Chini

Asubuhi, watu wa mtaa wa Base Camp wakiwa bado wanapiga mswaki, Nabintu huwa ameshafungua kibanda chake. Anafuta vumbi la Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, kwenye kompyuta, anaunganisha waya wa sola, anaanza kuchapa. Anachapa barua za watu wanaotafuta kazi. Anachapa mitihani ya walimu. Mtu akifariki, yeye ndiye anayechapa tangazo la msiba. Ni mwanamke mfupi, lakini vidole vyake vina mbio, usipime.

Tangu yeye na mumewe Kalume watoke Kivu ya Kusini, Kongo, kazi hiyo ndiyo inayowapa mboga na sabuni. Akina mama wa kwaya ya kanisani, hao Nabintu huwachapia nyimbo zao bure. Angewadai vipi? Hao ndio waliompokea alipofika hana hata sufuria.

Sasa akina mama hao nao wana moyo. Walimwona Nabintu anashinda kwenye kigoda cha mbao, wakamhurumia. Wakachanga. Kiongozi wao, Maman Pélagie, akapanda taksi hadi Mbarara, akarudi na kiti juu ya paa la gari. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, mgongo mrefu kama mlango, mikono minene. Kwao, mtu wa heshima hapewi kiti kidogo. Mgeni mkubwa akija arusini, hutafutiwa fotei, kiti cha kuegemea, kubwa kuliko zote, hata kama ni ya kuazima kwa jirani. Basi Nabintu naye akaletewa fotei yake, na wimbo juu. Alilia kwa furaha.

Shida ilianza kimya kimya. Nabintu akiegemea nyuma, miguu inaning'inia. Akisogea mbele ili miguu ifike chini, mgongo haugusi kitu. Ile mikono minene nayo ilikuwa inagonga meza, kwa hiyo kiti hakikuweza kusogea karibu. Akawa anachapa huku ameinama na kunyoosha mikono. Kwanza kiuno kikauma. Halafu shingo. Halafu mapaja yakaanza kufa ganzi. Jioni, binti yake Grâce akija kudandia mgongoni, Nabintu alikuwa akimwambia, kwa jina la kubembeleza mabinti kwao, "Kesho, maman. Kesho."

"Funga hii kazi," Kalume alimwambia. "Utavunjika. Tutalima tu."

"Nifunge? Na mpaka mavuno tutakula nini?"

"Basi rudia kigoda yako."

"Na Maman Pélagie akipita, nitamuambia nini?"

Kalume akainuka, akaenda kuchota maji.

Jirani yao mmoja ni Mrundi, anaitwa Angeline. Kwao alifanya kazi hospitalini, akiwasaidia watu waliovunjika kutembea tena na wenye maumivu kunyoosha viungo. Siku moja alikuja kuchapisha karatasi za shule za wanawe. Akamkuta Nabintu anachapa amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Nabintu, kiti kizuri hivyo, na wewe unasimama?"

"Nimechoka kukaa tu."

"Hebu kaa nikuone."

Nabintu akakaa. Angeline akachuchumaa, akatazama miguu yake kwa muda.

"Hiki kiti si chako," akasema. "Ni cha mtu mrefu."

Nabintu akaangalia mlangoni. "Sema polepole. Nilipewa zawadi."

"Zawadi ni nzuri. Lakini mgongo wako haujui kama ni zawadi."

Angeline akatoka, akarudi na matofali mawili. Akayaweka chini ya miguu ya Nabintu. Akakunja kitenge, akakiingiza nyuma ya kiuno chake.

"Miguu ikae chini yote, kisigino na vidole," akaeleza. "Magoti yawe sawa na nyonga. Hapa kiunoni mgongo unaingia ndani kidogo, unataka kitu cha kuushika. Na usikae tu kama umepigiliwa misumari. Kila baada ya nusu saa, simama, jinyooshe, kunywa maji."

"Nikifanya hivyo nitapona?"

"Utapata nafuu. Lakini kiti hiki ni kirefu kwenda nyuma. Ukiegemea vizuri, ukingo unabana nyuma ya magoti. Ndiyo maana mapaja yanakufa ganzi. Tofali haliwezi kutibu hilo."

Nafuu ilikuja, lakini kidogo. Nabintu akaendelea kuficha. Aliogopa kupoteza kazi, na aliogopa zaidi kuwavunja moyo wale akina mama. Kila akisikia sauti ya Maman Pélagie njiani, alikuwa anasukuma matofali chini ya meza.

Siku ya siku hakumsikia. Maman Pélagie aliingia na wimbo mpya mkononi. Angeline naye alikuwepo, anasubiri karatasi zake.

"Hii matofali inafanya nini hapa?" Pélagie akauliza.

"Ni ya... ni ya kuweka miguu tu, maman." Nabintu akainuka haraka ampokee. Mapaja yalikuwa yamekufa ganzi. Akayumba, akashika meza.

Hapo uongo ukamshinda. "Maman, munisamehe. Kiti inaniumiza. Niliogopa kuwaambia."

Uso wa Pélagie ulijaa huzuni. Akakizunguka kile kiti, akakikalia mwenyewe. Yeye ni mwanamke mrefu, mwenye mwili. Miguu yake ilitua chini yote. Mgongo ukaenea.

"Lakini mie nasikia muzuri," akasema.

"Kule dukani nani alikijaribu?" Angeline akauliza.

"Ni mie. Nilikaa, nikasikia iko muzuri, nikalipa." Pélagie akatazama miguu yake. Kisha akatazama ya Nabintu. Akacheka, ila cheko lenyewe lilikuwa la aibu. "Kumbe nilipima mwili yangu. Nguo singemununulia bila kumupima yeye. Kiti nilifikiri inatosha ikuwe kubwa tu."

Wakakubaliana warudi Mbarara, wote watatu, na Nabintu mwenyewe awe mbele. Kabla ya kutoka, Angeline alichukua kamba, akapima kimo cha meza ya kazi, akafunga fundo. Akamwambia Nabintu, "Vaa ndala zako za kazini. Viatu vya kanisani vitakudanganya urefu."

Mwenye duka alipoona ile fotei inashushwa, alikunja uso. Alipoona bado ni safi, na kwamba wanataka kuibadilisha na kiti cha bei ya chini, uso ukakunjuka.

"Hii ingine ni ya karani, nyabo," akawaambia, akionyesha viti vya bei ya chini. "Ile munarudisha ndio ya bosi."

"Bosi ni huyu," Pélagie akasema, akimwonyesha Nabintu.

Kiti cha kwanza kilikuwa na rangi nzuri, lakini hakishuki. Cha pili kilikuwa laini mno. Nabintu alizama ndani yake hadi makalio yakagusa ubao. Cha tatu kilikuwa cha kawaida, chenye miguu mitano ya magurudumu. Angeline akavuta mkono wa chuma pembeni, kiti kikashuka mpaka ndala za Nabintu zikatua sakafuni.

"Egemea. Sasa weka vidole kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti."

"Vinaingia."

"Vizuri. Kiunoni?"

"Kinanishika."

Angeline akashusha kamba kando ya kiti. Fundo likafika sawa na viwiko vya Nabintu, na mikono ya kiti ilikuwa chini ya fundo. "Kitaingia chini ya meza. Sasa kaa tu. Usinunue kiti ulichokikalia mara moja ukainuka."

Wakakaa. Wakapiga hadithi za nyumbani. Mwenye duka akapita, akapita tena.

"Munanunua ama munapumzika?"

"Tunanunua kwa kupumzika," Pélagie akamjibu. Hata mwenye duka akacheka.

Jumapili kwaya ilikuja kibandani kuona. Wakatazama kile kiti kidogo, wakatazamana.

"Maman Pélagie," mmoja akauliza, "ile kubwa iko wapi? Hii ndio tunamupatia mutu ya heshima?"

Nabintu akainamisha kichwa. Pélagie akasimama katikati yao.

"Ile tumeirudisha, ilikuwa kama nilijinunulia mie," akasema. "Hii ndio tumemununulia yeye."

Kisha akaomba Nabintu akae, awaonyeshe. Akina mama wakaona miguu yake imetulia chini. Yule aliyeuliza akaitikia kwa kichwa, akaanzisha wimbo.

Maumivu hayakuisha siku hiyo. Yaliondoka polepole, na Nabintu hakuacha kusimama na kujinyoosha kama alivyofundishwa. Kalume hakutaja tena kufunga kazi.

Jioni moja Nabintu alikuwa anafunga kibanda. Grâce akaja mbio, kisha akasimama mbali kidogo. Alishazoea kuambiwa kesho. Nabintu akachukua kile kitenge kilichokuwa kikishika kiuno chake, akakikunjua, akakikung'uta vumbi. Akainama.

"Panda, maman," akasema.

Akamfunga vizuri mgongoni, wakaenda nyumbani.