Msumari Niliomfungia Shemeji

Nina miaka arobaini na mbili, fundi wa mashine nzito hapa Songea. Naishi Bombambili na mke na watoto watatu. Ukinitazama utasema huyu bwana hana shida. Ninayo, ndugu zangu... Kuna mtu amekufa kwa uzembe wangu!

Shemeji yangu Deo, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchimba mitaro. Kijiko chenyewe kizee, usukani mgumu mpaka Deo anatoka jasho kukata kona. Jeki mbili za kugeuza magurudumu ya mbele zilikuwa zinavuja mafuta ovyo. Tajiri, mwenye kijiko, akanunua nyingine, akaniita nizibadilishe.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilijigamba mbele ya vibarua kwamba ikifika saa sita mchana kijiko kiko barabarani. Nikafungua jeki za zamani, nikapachika mpya, nikapitisha pini za kuzishikiza kwenye magurudumu. Sasa kila pini kubwa inazuiwa na kipini kidogo ili isichomoke. Vile vya zamani vilikuwa vimekatika, na dukani ni dakika ishirini tu kwa bodaboda. Dakika ishirini! Lakini saa sita ilikuwa inagonga na vibarua wananitazama. Nikachukua misumari, nikaipitisha, nikaipinda. Mafundi wangapi hatufanyi hivyo? Nikajiambia kesho nitakuja kuweka vipini vyake.

Deo akazungusha usukani kwa kidole kimoja, akacheka kwa furaha. "Shem, iko sawa hii?"

"We piga kazi bwana, hapo umepata mashine mpya!"

Kesho yake nikapata kazi nyingine. Keshokutwa nikasahau kabisa. Siku ya nne, asubuhi kweupe, Deo alikuwa anashuka mteremko wa kuelekea Ruhuwiko. Msumari ukakatika, pini ya kushoto ikachomoka. Kijiko kikaacha njia, kikapinduka korongoni, naye chini yake...

Niliwahi kufika. Jamani, sikieni nilichofanya. Wenzangu wanahangaika kumtoa, mimi nikainama nikaokota kipande cha msumari, nikakitia mfukoni.

Tajiri akatangaza kwamba dereva alikuwa amelewa. Watu wakadakia, eti walimwona kilabuni jana yake. Deo hakuwa mlevi! Nilijua, nikanyamaza. Dada aliyasikia yote akiwa amekaa mkekani.

Siku ya maziko watani wakaja, kama ilivyo desturi yetu, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke kidogo. Mmoja akavaa ovaroli la Deo, akakalia kinu kilicholazwa, akashika ungo kama usukani. Akauzungusha kulia, kushoto, macho yamemtoka. "Haikati! Mama yangu, haikati!" Kisha akajiangusha chini. Uani pote watu wakaangua kicheko, hata dada yangu akatabasamu. Mimi nilitoka mbio nikajificha nyuma ya nyumba.

Tangu hapo simalizi siku bila kumwona Deo. Nikishika spana, yuko mbele yangu. Nikitia tonge mdomoni, nasikia "haikati, haikati..." Mke wangu anasema nawajibu watu ambao hawapo. Nimwambie nini?

Baada ya kumaliza matanga nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwa dada, nikapiga magoti, nikasema yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Siku zote hizo ulikuwa hapa msibani unakula, unawasikia wanamwita mume wangu mlevi?"

Kesho yake nikaenda polisi kujieleza. Jina la Deo limesafishwa, na kesi yangu bado inaendelea, sawa, ni haki yangu. Lakini Jumapili nikikutana na dada nje ya kanisa namwamkia, "Shikamoo dada." Ananitazama usoni... Kisha anashika mkono wa mwanae, anapita.

Mafundi wenzangu, nawasihi! Kama kifaa hakipo, mashine isitoke. Sema mbele za watu kwamba kazi haijaisha, na wakucheke wanavyotaka. Na kama umekwisha kukosea, usimwachie marehemu abebe kosa lako hata siku moja. Mimi nilimwachia mpaka matanga yakaisha, na dada yangu hajaniitikia hadi leo.