Ufa Chini ya Nta

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alivuka barabara na kuingia karakana ya mjomba wake, fundi seremala. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini juma lile alitulia kama maji mtungini, kwani alikuwa amekabidhiwa upinde.

Ulikuwa upinde wa zamani wa mbao, ambao mwalimu wa michezo wa shuleni kwao aliachiwa na marehemu baba yake. Mwalimu alitaka kuutumia kufungua mashindano ya shule ya kulenga shabaha. Binamu yake Chiriku, mtoto wa mjomba, alikuwa ameziunganisha upya kwa gundi mbao zilizoachana. Chiriku alipewa kazi ya kuung'arisha: apake vanishi, angoje ikauke, asugue kwa msasa laini, apake tena, na mwishowe atie nta.

Siku moja alipokuwa akiufuta vumbi kwa pamba, nyuzi za pamba zilinasa karibu na mahali pa kushikia. Akainama. Palikuwa na ufa mwembamba kwenye maungio.

"Kaka, hebu njoo uone," alimwita binamu yake.

Binamu aliutazama, akakuna kichwa. "Niachie mimi. Nitamwambia baba leo leo."

Chiriku hakuwa na shaka. Huyu ndiye aliyemfundisha kushika msasa, na wenzake walipomcheka ndiye aliyemtetea. Kesho yake ufa haukuonekana. Mahali pale paling'aa kuliko kwingine kote.

"Mjomba kasemaje?"

"Kasema si neno. Nimeshautengeneza."

Basi Chiriku akaendelea kusugua kwa moyo mmoja.

Mwalimu alipokuja kuuchukua, alipitisha kiganja juu ya mbao, machozi yakamlengalenga. "Fundi, ni mzima kweli? Nitauvuta watoto wakiwa wamenizunguka."

"Ni mzima, mwalimu," mjomba akajibu. "Hauna hata mkwaruzo."

Chiriku alishtuka. Mjomba hakuwa mtu wa kuficha mambo. Kumbe hakuambiwa kitu.

"Mjomba, usimpe," alisema. "Kuna ufa chini ya nta. Kaka alisema amekuambia."

Binamu hakumtazama. "Baba, si unamjua Chiriku kwa maneno? Upinde umekuwa mikononi mwake juma zima. Kama una ufa, kautia yeye."

Maneno yale yalimuuma Chiriku kuliko kofi. Angesema mtu baki, angemjibu. Lakini aliyesema alikuwa kaka yake.

Mjomba aliupeleka upinde dirishani, akaukunja taratibu. Nta ikapasuka, maungio yakaachama. Ndani, gundi ilikuwa ikipukutika.

"Huu si ufa wa msasa," akasema. "Gundi hii haikupewa muda. Lile jiliwa la kubania mbao uliliondoa lini?"

Binamu akainamisha kichwa. "Jioni ile ile. Nilitaka kuwahi mpira. Nikaziba kwa nta, nikaogopa kusema."

"Ukaniogopa mimi, ukamtwika mdogo wako."

Mwalimu alishusha pumzi. "Ungenivunjikia, vipande vingewaruka watoto machoni. Nitafungua mashindano kwa upinde mwingine. Huu utengenezwe vizuri, nitangoja."

Binamu alianza kuukwangua upinde. Vanishi yote ya Chiriku ilianguka sakafuni. Alipoomba radhi, Chiriku alimsikia lakini hakuitikia, na mjomba hakumlazimisha.

"Inauma, najua," mjomba akamwambia. "Kumwamini ndugu yako si kosa. Na umefanya vyema kusema, hata ulipojua kazi yako itaharibika."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uupake nta. Kosa linalosemwa mapema hutengenezwa, linalofichwa huumiza asiyejua. Gundi ya mbao hukauka kwa siku moja, mwanangu. Imani ya mtu haina siku. Utangoja."

Binamu akaitika, "Nitangoja, baba," na akaendelea kukwangua.