Kilo Kumi na Mbili

Zipu ilipasuka katikati ya foleni, Jumamosi ya watu wengi, ndani ya duka la vitambaa ambalo siku hiyo hata pa kutia mguu hapakuwapo. Mwalimu aliinama kuokota pochi yake, akasikia prrr, kisha ubaridi mgongoni. Alikuwa amevaa sketi ya kijivu ya kazini na blauzi ya maua madogo iliyoishia kiunoni, fupi mno kuficha chochote. Akasimama wima, akafumba macho, akaiomba ardhi nayo ipasuke immeze.

"Dada, usigeuke," sauti ya kiume ilisema nyuma ya sikio lake. "Mimi ni fundi, si mhuni. Nina pini nne na mkono mwepesi."

"Watu wanaona?"

"Walioona wameshaona. Nawazuia wengine."

Alicheka bila kutaka. Mwanamume alimfunga kiunoni kitambaa cha bluu alichokuwa ametoka kukinunua, akakibana kwa pini, akasogea mbele ili aonekane. Alikuwa mrefu na mwembamba kama uzi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama tai.

Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya duka la dawa, hatua chache tu kutoka pale: cherehani mbili, pasi nzito, kioo kirefu na dirisha linalotazama barabara. Mwalimu aliketi amejifunga kile kitambaa cha bluu huku zipu mpya ikitiwa.

"Nikuongezee kidogo kiunoni?" Fundi aliuliza kwa adabu.

"Usiongeze hata uzi mmoja. Nitapungua."

"Wateja wote husema hivyo."

"Wateja wote wana hiari. Mimi sina."

Hapo ndipo alipomweleza, yeye ambaye hakuwa na kawaida ya kuwaeleza wageni mambo ya nyumbani. Mdogo wake wa kike, waliyemwita Kasuku tangu utotoni kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, alikuwa amepoteza figo zote mbili. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nne kila mara. Watu wa nyumbani walipimwa apatikane wa kumtolea figo moja, na aliyelingana naye ni mmoja tu: dada yake. Lakini daktari alikuwa amemtazama Mwalimu juu ya miwani na kusema, kwa mwili huu hatuthubutu kukupasua. Kilo tisini na nne. Ukifika themanini na mbili, rudi.

"Kumi na mbili," Fundi alisema, mguu ukiwa umesimama juu ya kanyagio.

"Kumi na mbili. Mwezi huu wote nimetembea mpaka visigino vimepasuka, nimesahau sukari inavyofanana, na unajua nimepunguza nini? Gramu mia nne. Nesi ananiambia haba na haba. Nikamwambia, hicho kibaba changu kimetoboka."

Fundi hakucheka. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akasema, "Njoo Jumamosi. Nitakupigia pasi nguo zako za kazi za wiki nzima. Anayetembea kiasi hicho asisimame tena kupiga pasi."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kila Jumamosi Mwalimu alipanda ngazi na mfuko wa sketi tatu, na kila Jumapili Fundi alimpelekea zikiwa zimenyooka. Katikati ya wiki kulikuwa na simu.

"Umekula nini leo, kipenzi?"

"Tango."

"Na nini?"

"Na huzuni."

"Huzuni ina mafuta mengi. Ipunguze."

"Wewe nawe! Umekonda kwa dhambi gani, mbona hunigawii?"

"Kubali nikuoe, nikugawie."

Kasuku alimpenda Fundi kuliko wote nyumbani. Alimwita shemeji kabla hata ya posa, akimtania kitandani kwamba mwanamume mwembamba vile ataruka siku upepo ukivuma, ni vizuri apate mke wa kumshikilia. Mama yao, mjane wa maneno machache, alimpa kiti cha karibu na dirisha, kiti ambacho hakumpa kila mtu.

Lakini mizani haikujua mapenzi. Wiki ya tano haikushuka. Wiki ya sita ilipanda. Jumamosi hiyo Mwalimu alifika kwa Fundi, akaweka mfuko sakafuni, akaketi juu ya marobota ya vitambaa na kulia mpaka mabega yakatikisika.

"Anakufa," alisema. "Mdogo wangu anakufa, na kinachomuua ni mwili wangu huu. Nimeshindwa hata kupungua, Fundi. Kitu ambacho wenye njaa wanakiweza bila kujaribu."

Fundi alimshika mikono. "Achana na mizani. Ina roho mbaya. Tazama nguo zako. Nguo haimwonei mtu."

Mwalimu alipoondoka, Fundi aliitandaza sketi ya kijivu mezani, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akafumua ukanda wa kiuno, akaachia upana wa kidole uliokuwa umekunjwa ndani ya mshono ili kiuno kipanuke, akashona upya. Akafanya vile vile kwa nyingine mbili. Hakuwa mtu wa hila. Alitaka kumwona akitabasamu Jumatatu moja tu, basi.

Jumatatu simu ililia kabla hajafungua madirisha.

"Fundi! Inapwaya! Sketi ya kijivu inapwaya!"

"Sema kweli."

"Naingiza mkono mzima! Nimemwonyesha Mama, nimempigia Kasuku, amepiga vigelegele mpaka wauguzi wamekuja mbio!"

Angekuwa na ujasiri, angesema pale pale. Alisikia furaha ile ikichemka sikioni mwake, akasema, "Si nilikuambia?" Na uongo ukishazaliwa hutaka kulishwa. Baada ya majuma matatu alifumua tena. Baada ya mengine matatu, tena.

Mwalimu alibadilika. Alitembea akiimba. Nesi alipompigia kumkumbusha tarehe ya kupimwa, aliomba iahirishwe. Alitaka siku akipanda mizani awapelekee namba ya maana. Ilipofika tarehe nyingine, akaahirisha tena. Na kwa kuwa mambo yalikuwa yakienda, jioni nyingine alijilaza badala ya kutembea, na Mama alipomwongezea kijiko hakukikataa. Miezi miwili ikapita hivyo.

Siku aliyokwenda alivaa sketi ya kijivu na viatu vya kisigino, midomo ameipaka rangi. Alipanda mizani kama anayepanda jukwaani.

"Tisini na tatu nukta moja," nesi alisoma.

"Soma tena."

Nesi akasoma tena. Mwalimu alirudi nyuma ya pazia, akaivua ile sketi na kuigeuza nje ndani. Mwanga wa dirisha ulipita kwenye ukanda wa kiuno, na kando ya mshono mpya aliona mistari mitatu ya vitundu vya sindano, sambamba, wazi kama mwandiko wa mtoto.

Alipanda ngazi za duka la dawa bila kushika ukuta. Fundi alipomwona usoni, alizima pasi.

"Umeifumua mara ngapi?"

"Mwalimu, keti kwanza..."

"Nimekuuliza namba."

"Tatu."

"Miezi miwili, Fundi."

"Ulikuwa unalia. Sikuweza kukutazama ukilia."

"Basi ungefumba macho! Nililia kwa sababu nilikuwa naenda polepole, lakini nilikuwa naenda! Machozi yangu hayakumdhuru mtu. Wewe umenilaza usingizi, na mdogo wangu yuko kwenye mashine anahesabu siku."

"Nilikupenda vibaya. Nisamehe."

"Usinipigie," alisema, akaziacha sketi zote tatu mezani.

Fundi alipiga. Alipiga asubuhi, alipiga mchana wakati wa mapumziko ya shule, mpaka walimu wenzake wakaanza kuitazama simu ile kama mgonjwa. Mwalimu hakuipokea. Alinunua sketi ya lastiki sokoni, akaanza upya. Alitembea kabla ya shule na baada ya shule, mvua isimzuie, jua lisimzuie. Kila Ijumaa alipanda mizani ya kliniki na kuandika alichosomewa. Gramu mia tatu. Gramu mia sita. Sifuri. Kuna Ijumaa alipanda na kukuta ameongezeka, akaandika hivyo hivyo, akatoka kwenda kutembea. Hakulia tena mbele ya mtu.

Miezi ikaenda. Tisini. Themanini na saba. Themanini na tano. Kasuku naye alikuwa anapungua, lakini kupungua kwake hakukuombwa na mtu. Vikuku vilimtoka mkononi vyenyewe. Siku moja, akiwa kwenye mashine, alimwita dada yake asogee.

"Dada, mpokelee shemeji simu."

"Nyamaza upumzike."

"Nikinyamaza mtadhani nimekufa." Alitabasamu, akavuta pumzi. "Huja hapa kila Jumanne, ukiwa darasani. Hukaa saa zote nne. Alinieleza mwenyewe alichofanya, kabla wewe hujanieleza. Alilia mpaka nikamwonea haya."

Mwalimu alitazama mirija.

"Alituibia miezi miwili."

"Aliiba, sikatai." Kasuku alifumba macho. "Lakini miezi ile mimi nililala usingizi, dada. Nilipanga nguo za kuvaa nikipona. Usiihesabu yote kuwa hasara. Mwenye miezi ni mimi, acha niihesabu ninavyotaka."

Ijumaa iliyofuata mizani ilisoma themanini na tatu na nusu. Daktari aliita watu wake, wakaanza kuzungumzia tarehe. Jumatano yake, kabla ya adhuhuri, Mwalimu akiwa ubaoni anafundisha kugawanya, mwalimu mkuu alisimama mlangoni na kumwita kwa kidole. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu ya Kasuku tangu alfajiri, na moyo haukuhimili.

Kwenye mazishi Fundi alisimama nyuma kabisa, katika shati jeusi, na alipokuja kumpa mkono Mama, Mama alimshika asimwachie. Mwalimu aliona. Hakusogea.

Baada ya hapo hakutembea tena. Aliyekuwa akitembea kwa ajili yake hakuwapo tena. Hakula pia, si kwa nidhamu, bali chakula kilikuwa kimegeuka mchanga. Mama alipika, wakaketi wawili wakitazama sahani, wakaiondoa. Kilo zilizomsumbua mwaka mzima ziliondoka zenyewe, bila jasho, kana kwamba zilikuwa zinamsubiri Kasuku aondoke kwanza.

Wiki ya tano alikwenda kliniki kurudisha kadi yake. Nesi aliyemzoea alikuwa likizo. Mezani palikuwa na binti mgeni, kofia nyeupe, uso wa bashasha.

"Karibu, dada. Ah, wewe ni wa Ijumaa! Panda tukupime."

Alitaka kueleza. Maneno yalikuwa mazito kuliko miguu, basi akapanda.

"Themanini na moja nukta tisa!" Binti alipiga makofi. "Dada, umefika! Umefika kabisa! Mgonjwa wako yuko wapi tumpe habari?"

"Ametangulia," Mwalimu alisema.

"Ametangulia kwa daktari?"

Mwalimu alimtazama. Binti akaisoma kadi, akaitazama sketi nyeusi, na mikono yake ikabaki hewani. "Nisamehe, dada yangu," alinong'ona. "Nisamehe sana."

"Hukujua."

Alitoka akaketi kwenye benchi la ukumbini. Namba ile ilikuwa ndani yake kama kitu kilichomezwa kikakwama. Angemwambia nani? Mama? Namba ile ingemmaliza. Walimu wenzake wangempa hongera. Alitafuta duniani kote mtu ambaye angeisikia na kuelewa ilivyokuwa nzito, akampata mmoja tu. Akabonyeza simu.

Ililia mara moja.

"Mwalimu?"

"Themanini na moja nukta tisa."

Upande wa pili cherehani iliyokuwa ikinguruma ilinyamaza.

"Uko wapi?" Fundi aliuliza, na sauti haikuwa yake.

"Kwenye benchi, nje ya chumba cha mizani."

"Usiondoke."

Alifika akihema, vifungo vya shati vimepishana, kandambili miguuni. Hakumgusa. Aliketi akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao, na wote wawili walijua ni nafasi ya nani. Ndipo Mwalimu alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ubaoni, na Fundi hakumwambia anyamaze, hakumwambia mambo yatakuwa mazuri. Alikaa akamtazama akilia mpaka mwisho.

"Bado nina hasira na wewe," Mwalimu alisema alipopata pumzi.

"Najua."

"Itapungua. Lakini polepole, Fundi. Kuna wiki itapanda. Usiniharakishe, na usije ukaniambia imeisha kabla haijaisha."

"Sitakuambia."

"Kasuku alisema miezi ile alilala usingizi."

Fundi aliinamisha kichwa hadi magotini, mgongo wake mwembamba ukatetemeka. Mwalimu aliutazama kwa muda, kisha akasogea akaijaza ile nafasi, akaweka kiganja chake pale juu ya shati lililolowa.

Wagonjwa walipita. Nesi mgeni alichungulia mlangoni, akarudi ndani kimya kimya. Jua lilipohamia upande wa pili wa ukumbi, Mwalimu alijifuta uso, akafungua vifungo viwili vya shati la Fundi na kuvifunga palipostahili.

"Mama hajala tangu jana," alisema. "Twende tukampikie."