Swali Alilolimeza Mhandisi

"Kaka, foleni inaanzia kule mlangoni."

Sauti haikuomba, iliamuru. Mhandisi aligeuka, vyeti vyake mkononi, akakutana uso kwa uso na dada mmoja aliyevaa gauni la kijani la mikono mirefu, hereni ndogo masikioni, na miguuni raba nyeupe za wodini zilizosuguliwa zikang'aa.

"Samahani, dada. Nilidhani wewe ndiye unayesajili."

"Kwa nini?"

"Unavyosimama. Kama mwenye nyumba."

"Basi mwenye nyumba anasema rudi nyuma."

Watu wakaangua kicheko. Ukumbi wa shule ya sera za umma ulikuwa umefurika asubuhi hiyo. Mwaka mpya wa masomo ulikuwa unaanza, na wanafunzi wa uzamili, watu wazima wenye kazi zao, wengine wenye wajukuu kabisa, walikuwa wanasukumana kama watoto wa darasa la kwanza. Mhandisi alirudi nyuma huku anacheka peke yake. Kama hujawahi kufukuzwa ukafurahi, basi hujapenda bado.

Siku ya kujitambulisha, dada huyo alisimama akasema, "Mimi ni mkunga. Nimechoka kupokea amri zinazoandikwa na watu ambao hawajawahi kuingia wodini. Nimekuja kujifunza kuziandika mwenyewe." Akakaa. Tangu hapo darasa zima likamwita Mkunga, naye hakukataa. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na babu yake.

Mhandisi alikuwa mtu wa barabara. Shati lake lilikuwa na mikunjo mahali ambapo pasi huwa inapita, na miwani yake haikukaa sawa hata mara moja. Alikuwa anamwekea Mkunga kiti maktabani kwa kukitandazia koti lake.

"Koti lako linasoma nini leo?" Mkunga alimuuliza.

"Linakusubiri, mpenzi."

"Nani mpenzi? Wiki yenyewe haijaisha!"

"Nimetanguliza. Sisi wa barabara tunapima kwanza, kujenga baadaye."

Jamani, Mkunga alikuwa amekwisha. Alijifanya anatafuta kalamu mkobani ili asionekane anatabasamu.

Sasa, shule hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kila mwaka, kabla ya sherehe ya ufunguzi, wanafunzi wapya hugeuka Baraza la Mawaziri. Wawili hutolewa kwa kura, na kura hiyohiyo ndiyo inayowaambia wasimamie upande gani, wawe wanauamini au hawauamini. Waliobaki hunyoosha mikono kuamua. Mshindi ndiye anayesimama siku ya sherehe kuzungumza kwa niaba ya wenzake wote, mbele ya wazazi na jamaa. Ni heshima kubwa, na sharti lake ni moja tu: utetee upande wako kwa nguvu zako zote.

Kura iliwaangukia wao wawili. Hoja ilikuwa zahanati ndogo zifungwe, zijengwe hospitali kubwa chache. Mhandisi akapata kuzifunga, Mkunga akapata kuzitetea.

Jioni hiyohiyo Mkunga alimpigia simu mama yake, fundi cherehani aliyemlea peke yake.

"Mama, nikishinda nitahutubia!"

"Ukishinda? Mimi nimeshawaambia mtaa mzima kwamba mwanangu anahutubia."

"Mama! Bado hata hatujashindana."

"Basi shindana, mwanangu. Mimi nashona gauni la kuja nalo."

Siku moja kabla ya shindano, wakinywa chai kantini, Mhandisi aliuliza kwa upole, "Hebu niambie. Zahanati yenu ikiwa haina damu wala daktari wa kupasua, mama anayevuja damu anafanyaje?"

Mkunga aliweka kikombe chini. "Anasubiri gari. Wengine gari linawakuta hai. Wengine haliwakuti." Kisha akamtazama. "Hilo ndilo swali lako la kesho, eh? Lilete. Nitalijibu."

Alikesha na swali hilo kichwani. Alilipangia jibu, akalivunja, akalipanga upya.

Kesho yake Mhandisi alisimama mbele ya baraza akazungumzia gharama za mabati na saruji. Akazungumzia vipimo vya barabara. Mkunga alikaa ukingoni mwa kiti, anasubiri swali. Halikuja. Mhandisi alimtazama mara moja, akameza mate, akakaa chini. Mikono ikanyanyuliwa, Mkunga akashinda kwa mbali, watu wakapiga makofi na vigelegele. Yeye mwenyewe hakupiga hata kofi moja.

Alimkuta Mhandisi nje, kwenye ngazi, amejaa furaha.

"Hongera, kipenzi! Mama atafurahi."

"Swali langu liko wapi?"

"Swali gani?"

"Usijifanye hamnazo! Swali la jana. Umelipeleka wapi?"

Mhandisi alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Nililiacha. Mama yako anashona gauni, wewe... Nilifanya kwa mapenzi."

"Mapenzi? Hiyo ni huruma!" Mkunga alimsogelea. "Nimepambana na madaktari, nimepambana na wakurugenzi, hakuna hata mmoja aliyewahi kunihurumia. Wewe uliyesema unanipenda ndiye umeniona mtoto wa kuachiwa ashinde! Nitasimamaje mbele ya mama na ushindi wa kupewa?"

"Lakini ungeshinda tu."

"Hujui! Na mimi sijui. Umeninyima kujua."

Alimpa vidonge vyake vyote, akaondoka na raba zake nyeupe, hakugeuka nyuma. Mhandisi alibaki kwenye ngazi. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ya tatu, jioni, ikapokelewa.

"Nisikilize vizuri," Mkunga akasema, bila salamu. "Nimetoka kwa Mkuu wa Shule. Nimemwambia ushindi ule siutaki. Tunarudia kesho."

"Umerudisha ushindi? Na mama?"

"Mama niachie mimi. Wewe kesho uje na kila ulicho nacho. Ukinihurumia tena, namba yangu ifute."

Mimi nasema Mhandisi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akimwachia, anampoteza. Akimshinda, anamvunjia siku aliyoisubiri na mama yake. Alikaa kitandani na koti lake magotini, na mwishowe akachagua kumheshimu.

Kesho yake ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mhandisi hakugusa saruji. Alisimama, akamgeukia Mkunga moja kwa moja.

"Mheshimiwa, zahanati ikiwa haina damu wala daktari wa kupasua, ukaribu wake unamsaidia nini mama anayevuja damu?"

Mkunga aliinuka taratibu. "Unampatia mkono, mheshimiwa. Mkono wa kumkanda tumbo, mfuko wa uzazi ujibane, na dripu iwe imeshaingia mpaka gari lifike. Mimi nimekuwa mkono huo."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mhandisi alisubiri yatulie.

"Na gari lisipofika?"

Mkunga angeweza kukwepa. Kila mtu pale alimwona akiona mlango wa kutokea. Hakuupita.

"Anakufa," akasema. "Mkononi mwangu."

"Basi barabara na hospitali kwanza," Mhandisi akasema, akakaa, machozi yakimlengalenga.

Mikono ilihesabiwa, ikahesabiwa tena. Mhandisi alishinda kwa kidogo sana. Hakuna aliyeshangilia, mpaka Mkunga alipovuka ukumbi, kichwa juu, akampa mkono mbele ya watu wote.

"Sasa umeniona," akamwambia.

"Nisamehe."

"Kwa la jana nimekusamehe. Kwa la leo, ukiomba msamaha tena tutagombana."

Siku ya sherehe, mama alifika na gauni la zambarau lililokaa mwilini kama amezaliwa nalo. Alikaa mstari wa mbele. Mhandisi alipomaliza kuhutubia na watu kutoka nje, mama alimvuta bintiye pembeni.

"Yule kijana amesema maneno mazuri. Lakini mbona si wewe?"

"Nilishindwa, mama. Yeye ndiye aliyenishinda."

"Amekushinda wewe? Kwa mdomo huo?"

"Kwa mdomo huu."

"Na unacheka?"

"Nacheka, mama. Ni mtu niliyemchagua, na amenishinda mimi nikiwa na nguvu zangu zote."

Mama alimwita Mhandisi kwa kidole. Alikuja akirekebisha miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, na usinidanganye. Ulipokuwa unashindana na huyu mwanangu, ulimhurumia?"

Mhandisi alimtazama Mkunga, kisha mama.

"Mara ya kwanza nilimhurumia, mama. Nikaona cha moto."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilipigana kufa na kupona. Na bado nusura anishinde."

Mama aliwatazama wote wawili, akanyoosha mabega yake ya zambarau mbele ya wazazi wenzake.

"Waambie wazazi wako," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "waje nyumbani. Nitawapokea."