Aliyeshikwa Mkono Langoni

"Elfu moja mia tisa, Mama Melissa! Riyali elfu moja mia tisa, na siombi sadaka. Ni tiketi yangu ya kwenda nyumbani, uliyoniahidi kwa kinywa chako mwenyewe."

"Na Ujerumani ulienda kwa miguu?" Charity alimjibu huku akisaka funguo za gari kwenye mkoba. "Viza ililipwa na nani? Ndege je? Wenzako Ulaya wanaiona kwa simu, wewe umepelekwa, umekula aiskrimu, umepiga mapicha. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yako."

"Likizo gani ya kubeba watoto wa mtu mgongoni mwezi mzima?"

"Jebet, usinipandishie sauti. Nina zamu hospitali. Na kabla sijatoka, enda umnyamazishe huyo Lenny, analia kama ameachwa sokoni."

Jebet alifungua mdomo amjibu, kisha akatega sikio. Kweli kulikuwa na kilio. Kilitoka nyuma, upande wa chumba cha kufulia nguo, kilio cha chini, cha mtoto aliyelia mpaka akachoka lakini bado hajakata tamaa.

"Mama Melissa," alisema polepole. "Lenny yuko shule. Wewe ndiye ulimpeleka."

Kilio kikakatika. Wanawake wawili walitazamana. Charity alicheka kicheko kikavu. "Basi ni wa jirani," akasema, akatoka, gari likaondoka.

Wa jirani! Vila za Al Thumama, mtaa wa Doha, hufungwa madirisha mwaka mzima kwa sababu ya joto, na viyoyozi hunguruma usiku na mchana. Jirani anaweza kufiwa na usijue. Tangu afike kuwalea watoto wa Charity, Jebet hakuwahi kusikia hata kikohozi kutoka ng'ambo ya ule ukuta. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya mahali pale. Ukiachwa peke yako, umeachwa kweli.

Alikuwa mtu wa hasira za karibu, huyo Jebet, lakini neno lake lilikuwa moja. Akikuambia atakuja, anakuja. Kitu kimoja tu kilimkaa rohoni kama mfupa kwenye koo. Alipoondoka kwao Kapsabet, mwanawe Shaun alikuwa anatambaa. Sasa alikuwa anaongea, na kila jioni alimwuliza kwa simu, "Mama, unakuja lini?" Naye alimjibu, "Nikifika nitakubeba mgongoni mpaka dukani na kurudi." Alikuwa amesema hivyo mara nyingi mpaka mtoto akaacha kushangilia.

Alikwenda chumba cha kufulia. Hakukuwa na mtu. Lakini kulikuwa na harufu, na hiyo harufu aliifahamu: harufu ya jiwe la zamani lililolowa, ukungu na sufu mbichi. Doha haina harufu kama hiyo. Doha hata mvua ikinyesha, hunuka vumbi.

Mara ya mwisho aliisikia kule Ujerumani. Dada mmoja wa Charity, anayeishi huko, aliwapeleka siku moja kutembelea mji wa kale wenye jina refu ambalo Jebet hakuliweza. Mji umezungushiwa ukuta wa mawe. Nyumba zake zimeinama mbele kama wazee wanaosikilizana, na barabara ni za mawe ya mviringo yanayovunja magurudumu ya kigari cha mtoto. Mwenye kuwatembeza watalii aliwaonyesha lango kuu. Zamani, alisema, kengele ya jioni ikilia lango lilifungwa, na aliyebaki nje alibaki, awe mkubwa au mdogo, abishe mpaka achoke.

Ndipo mvua ikawafumania. Watu wakakimbilia chini ya lango, giza, msongamano, kelele. Jebet alikuwa na mkoba begani, mwavuli kwapani na kigari kitupu cha Lenny mkono wa kushoto. Akafanya kama alivyofanya kila siku ya kazi yake: akanyoosha mkono wa kulia nyuma bila kugeuka, akaita, "Mkono!" Lenny alikuwa amezoea. Ukisema mkono, anautia wake, mnakwenda.

Mkono ukaingia. Mdogo, umelowa, wa baridi kama kitu cha kwenye friji. Mwenye mkono alikuwa akilia.

"Nyamaza," Jebet alimwambia, huku akivuta kigari. "Nitakupeleka nyumbani. Tukifika nitakubeba mgongoni. Nyamaza, baba."

Akanyamaza. Wakatembea hivyo mpaka kwenye gari, ule mkono umemshika kwa nguvu. Alipofika akamkuta Lenny ndani, amelala fofofo begani kwa Dedan, Baba Melissa. "Tulikutangulia," Dedan alimwambia. "Ulikuwa unaongea na nani?" Jebet alitazama chini. Hakukuwa na mtu. Kiganja chake tu kilikuwa kinadondoka maji.

Hakumwambia yeyote. Angemwambia nani?

Baada ya ile siku ya ugomvi, mambo hayakujificha tena. Alipofuata watoto kwenye basi la shule, Melissa alishuka akakimbilia ndani, lakini Lenny akasimama ngazini, anautazama mkono wa kulia wa Jebet.

"Njoo basi, unaungua na jua. Mkono!"

"Huo sitaki, aunty," mtoto alinong'ona. "Huo una mtu. Nipe ule mwingine."

Ijumaa, siku yake ya kupumzika, Jebet alikwenda Muaither kwa Bi Mwanatumu, mpishi kutoka Likoni. Wakenya wa Doha, Wakristo kwa Waislamu, walimwendea kimyakimya walipozidiwa na mambo ya majini. Bi Mwanatumu alifukiza ubani, akasoma, akamtazama usoni, akasoma tena. Moshi ulipanda, ukapinda, ukaenda wote upande wa kulia wa Jebet, ukazunguka kitu kifupi kilichosimama pale.

"Uliota, au ulimwona?"

"Nilimshika, Bi. Nilidhani ni mtoto wa kazini."

"Ukamwambiaje?"

Jebet akamwambia. Bi Mwanatumu akakiweka chini chetezo chake.

"Mwanangu, hapa mie sina kazi. Jini aliyemvamia mtu namtoa, hata awe mkaidi vipi. Huyu hakuvamia. Alikuwa nje ya lango lake, ukamshika mkono, ukampa ahadi. Anafuata haki yake."

"Lakini sikujua ni yeye!"

"Naye hakujua kama hukujua. Sasa nikuulize. Ulimwambia utampeleka nyumbani. Pale Al Thumama ndipo kwenu?"

Jebet alitikisa kichwa. "Si kwetu," akasema.

"Ndiyo maana bado yualia. Yuajua hajafika."

Jebet alirudi na maneno hayo, na siku zilizofuata alijitahidi kutobaki peke yake, lakini kazi ya nyumba ni ya upweke, hasa ile saa ya jua la utosi ambapo Doha nzima hujifungia ndani na mtaa hubaki mweupe, bila mtu, bila paka, bila kivuli, na ilikuwa ni saa hiyo, akikunja nguo chumba cha kufulia, alipohisi vidole vikipanda polepole kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kutoka kiwiko hadi begani, kisha uzito, uzito wa kweli wa mtoto wa miaka minne au mitano ukijipandisha mgongoni mwake, magoti mawili yakimbana mbavuni, nywele zilizolowa zikimgusa shingoni, na pumzi ya baridi yenye harufu ya ukungu ikimwingia sikioni, na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba mikono yake mwenyewe, bila kuiambia, ilikwenda nyuma ikamshikilia asianguke.

Alimbeba. Alitembea naye jikoni huku na huku, akilia bila sauti, akimwimbia ule wimbo wa kwao aliotaka kumwimbia Shaun.

Charity ndiye aliyewaona. Alikuwa amewafuata watoto shuleni mapema, akapita nje ya dirisha la jikoni, akamwona Jebet ana mtoto mgongoni. "Lenny ni mkubwa wa kubebwa!" alianza kufoka. Halafu akakumbuka kwamba Lenny amemshika yeye mkono. Mtoto wa mgongoni akageuza uso dirishani.

Alichokiona Charity hakukisema siku hiyo, na hajakisema mpaka leo. Aliwarudisha watoto garini, akampigia mumewe. Jioni akaingia peke yake, midomo imemkauka, akaweka noti mezani.

"Elfu moja mia tisa. Na mia tano juu. Dedan amekuwekea nafasi ya ndege ya kesho. Enda kwenu, Jebet. Enda nacho."

Mwezi mzima alikuwa amezipigania pesa hizo. Alizichukua, na kwa dakika chache alisahau kila kitu kingine. Akampigia Shaun kwa video.

"Mama anakuja! Kesho! Umesikia?"

Uso wa mtoto ulijaa kwenye kioo. Alicheka. Kisha akakaza macho, akaangalia nyuma ya bega la mama yake.

"Unakuja na huyo?"

"Na nani, baba?"

"Huyo mwenye amelowa. Anasema atalala kwa kitanda changu."

Jebet alikata simu. Alisimama pale jikoni, na Charity mlangoni hakuthubutu kusogea. Kiyoyozi kilinguruma. Kule Kapsabet, mtoto wake alikuwa ameanza kupiga tena, simu ikitetemeka mezani, ikitetemeka, naye hakuishika. Alizisukuma zile noti mezani, upande wa Charity.

"Siendi, Mama Melissa."

"Umezidai mwezi mzima!"

"Siendi."

"Jebet, tafadhali, dada yangu. Hapa kuna watoto."

"Na kule kuna wangu."

Hapo ndipo mkono ulipoingia kwenye kiganja chake, ukakaza. Mwenye mkono hakulia safari hii. Sauti ilitoka karibu na kiuno chake, sauti ya mtoto, Kiswahili kile kile alichokuwa akiongea yeye, kavu, bila hasira, kama mtu aliyevumilia vya kutosha. Charity naye aliisikia.

"Wewe umeshalipwa. Mimi bado. Nipeleke nyumbani."