Aliyeiba Mwisho wa Katuni

Flashi haikuwepo. Tundu lake ubavuni mwa televisheni lilikuwa tupu, na nyumba ya video ya Mama Faridah, hapa Kasongo, ilikuwa imejaa hadi mlangoni.

Jana jenereta ilizimika palepale mbwa mpelelezi wa katuni, na koti lake refu, alipoinua kidole kumtaja muuaji wa bata tajiri. Mji haukulala vizuri. Leo hata watu wa Lusangi walikuja kuona mwisho.

"Ni Ayoubu tu anagusa hiyo mashine!" mtu alipaza sauti. "Apelekwe kasho, afungwe!"

Ayoubu, mwendesha video, aliinua mikono mitupu. Mama Faridah alikuwa ameshamnyang'anya ufunguo wa mlango: kazi ndiyo hiyo inakwenda.

"Mutu asitoke!" sauti nzito iliamuru.

Kwenye benchi la tatu Inspekta Octave alisimama, akapangusa maganda ya karanga kwenye suruali. Naye alikuja kumjua muuaji.

"Ayoubu, flashi uliiweka saa ngapi?"

"Saa sita, chef. Kisha nikaenda nyuma kutia jenereta esansi."

"Ndani ulimwacha nani?"

"Mama Léocadie peke yake. Huyu mama anawahi benchi ya mbele kila siku."

Inspekta akamgeukia mama huyo, aliyefika mwezi uliopita kutoka Wamaza.

"Mama, kuna mutu aliingia?"

"Aliingia mumoja."

"Nani?"

"Sikumwangalia. Nilijifunika kitambaa usoni."

"Ulijifunika juu ya vumbi?"

"Hapana."

"Juu ya jua?"

"Jua humu ndani, baba? Wewe ni polisi kweli?"

Nyumba nzima ilicheka. Octave hakucheka. Mwizi akiingia, mama wa huku humpigia yowe. Kwa desturi, mwanamume wa kufunikiwa uso ni mmoja tu.

"Mama, binti yako aliolewa hapa mjini?"

Mama Léocadie alivuta tena kitambaa usoni. Nyumba ikamjibia: "Kwa Roger! Roger wa pikipiki!"

Roger alivutwa kutoka kwenye msongamano wa mlangoni. Flashi ilikuwa mfukoni mwake.

"Chef, humu kulikuwa giza, nilidhani ndani hakuna mutu," alisema, mgongo kwa benchi la mbele. "Tangu mama mukwe afike, mimi siingii tena. Naketi namna gani pamoja naye? Kule tunakopaki pikipiki, wenzangu wanaongea mbwa, mbwa, mbwa, kila siku! Mimi peke yangu kama mujinga. Niliangalia kwa rafiki. Nilitaka kuirudisha, nikakuta mumejaa."

"Umeangalia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Kumbe unamjua muuaji."

"Aliyemuua bata ni..."

"Nyamaza!" walilia wote, Inspekta mbele yao.

Mama Faridah alimrudishia Ayoubu ufunguo, akamwongezea soda. "Nisamehe, mwanangu. Midomo ya watu ilinivuta."

Mama Léocadie hakugeuka. Alimwambia Octave, kana kwamba Roger yuko mbali kule Kabambare: "Inspekta, umwambie huyo mutu: dirisha la nyuma iko wazi. Akisimama nje, hatuonani."

Katuni ikaanza. Mbwa akainua kidole, watu wakashika pumzi. Dirishani mtu akaangua kicheko, peke yake, kabla ya wote.

"Roger!" Octave alinguruma bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Ya kuiba nimekusamehe. Hiyo nakufunga!"